Kishikwambi Hakiwaki, Darasa Limelala: Utatuzi wa Matatizo ya Vifaa vya Kidijitali Darasani

Malalamiko yanayomfikia mwalimu wa TEHAMA katika shule za Kisumu, Vihiga, Kakamega au hata Nakuru ni yale yale muhula baada ya muhula: hivi vidude vimekufa, mtandao umekataa, watoto wanacheza tu. Hapa yamepangwa kwa dalili. Chini ya kila dalili, sababu inayopatikana mara nyingi imetangulia, na ile ya nadra iko mwisho. Zifuate kwa mpangilio huo, wala usiruke hatua kwa kuiona ya kitoto. Vifaa vingi vinavyobebwa hadi kwa fundi mtaani Kondele, Kisumu, vingeponea pale pale darasani kwa kubadilishiwa waya wa chaja.

Kuna hitilafu za stima na nyaya, na kuna hitilafu za somo lenyewe. Za kwanza ndizo zinazopigiwa kelele kwa sababu zinaonekana. Za pili hazina taa nyekundu ya kukuonya, na kwa maoni yangu ndizo zinazokula vipindi vingi zaidi. Kwa hiyo usiishie katikati ya mwongozo huu.

DALILI: Kishikwambi hakiwaki kabisa

Betri imekauka. Ndiyo sababu ya kwanza, hasa wiki ya kufungua shule. Betri ya lithiamu ikilala likizo nzima bila chaji, kifaa kinaweza kukaa dakika kadhaa kwenye chaja bila kuonyesha hata alama ya kuchaji. Chomeka, kiache nusu saa, kisha shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 15 hadi 30. Wengi hubonyeza mara moja, wakiona giza hutangaza kifo. Mwisho wa muhula hifadhi vishikwambi vikiwa na chaji ya takriban nusu, vimezimwa. Kuvijaza pomoni hakuvisaidii, na kuviacha tupu ndiko kunakoviua.

Chaja haitoshi. Soma maandishi madogo mgongoni mwa chaja. Kishikwambi cha kawaida hutaka volti 5 na ampea 2. Chaja ya simu ya mulika mwizi hutoa ampea 0.5 au hata chini ya hapo, kwa hiyo kifaa kitashinda kutwa kwenye soketi na bado kizimike kipindi cha pili. Jaribu pia waya mwingine. Waya hukatikia shingoni, pale unapoingia kwenye kichwa, nao huonekana mzima kwa nje.

Tundu la kuchajia limeziba. Vumbi la Nakuru mwezi wa Februari, makombo ya mandazi, nyuzi za sweta: vyote huishia humo. Zima kifaa, mulika kwa tochi ya simu, toa uchafu polepole kwa kijiti cha meno cha mbao. Sindano na pini ni marufuku. Ikiwa kile kiulimi cha ndani kinacheza au kimepinda, hiyo ni kazi ya fundi mwenye vifaa vya kulehemu vitu vidogo.

Betri imezeeka. Mradi wa serikali wa ujuzi wa kidijitali kwa shule za msingi, DLP, ulianza kugawa vifaa shuleni mwaka wa 2016, na vingi bado vimo kwenye makabati. Kifaa kinachowaka kikiwa kwenye chaja na kuzimika papo hapo kikichomolewa kimeishiwa betri, basi. Ikiwa bajeti ya shule hairuhusu betri mpya, kiweke karibu na soketi kiwe kituo cha kusomea cha kundi moja.

SIMAMA HAPA: Kishikwambi ambacho mgongo wake umetuna, skrini imeinuka pembeni, au kinatoa harufu tamu ya kemikali kina betri iliyovimba. Usikichaji, usikibonyeze ili kifunge, usikitoboe. Watoto watoke karibu. Kiweke juu ya sakafu ya saruji mahali penye hewa, mbali na karatasi na jua, kisha mwite fundi. Kisitupwe kwenye shimo la takataka la shule wala kuchomwa pamoja na takataka. Betri hiyo hulipuka.

DALILI: Soketi inapata moto, au stima inakatika kila mnapochaji

Mara nyingi sababu ni ekstensheni iliyochomekwa kwenye ekstensheni nyingine. Vishikwambi vyenyewe si mzigo mkubwa. Chaja 30 za wati 10 ni wati 300, na soketi ya ampea 13 kwenye stima yetu ya volti 240 inaweza kubeba karibu wati 3,100. Kinachounguza ni birika la chai la ofisini au mashine ya kunakili iliyounganishwa hapo hapo, tena kwa ekstensheni nyembamba ya bei ya chini. Tenganisha. Chaja ziwe na laini yao.

Ikiwa kifaa kimoja tu hakipati stima, fungua plagi yake ikiwa imechomolewa uangalie fyuzi iliyo ndani. Plagi zetu za pini tatu huwa na fyuzi, na ikiungua kifaa chote huonekana kimekufa. Weka nyingine ya ampea ile ile. Karatasi ya sigara na kipande cha waya si fyuzi.

Sababu ya nadra, lakini ya gharama kubwa: radi. Ukanda wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani, na huku magharibi mvua hupenda kuja alasiri, wakati ule ule vifaa vimechomekwa baada ya masomo ya asubuhi. Ngurumo ya kwanza ikisikika mbali, chomoa kila kitu ukutani, ruta pia. Kuzima swichi pekee hakutoshi. Radi ikiwa tayari juu yenu, achana na nyaya.

SIMAMA HAPA: Soketi yenye weusi, harufu ya plastiki iliyoungua, cheche, au kifaa kinachotetemesha mkono ukikigusa. Zima kwenye swichi kuu ikiwa unaweza kuifikia salama, kisha mwite fundi wa stima mwenye leseni. Mzazi anayejua kidogo kidogo asiitwe kwa hili.

DALILI: Projekta imewaka, ukutani hakuna kitu

Angalia kama kifuniko cha lenzi kimetolewa. Nacheka, lakini kiangalie.

Kisha laptopu. Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi P, uchague "Duplicate" ili kinachoonekana kwako kionekane na ukutani. Baada ya hapo hakikisha projekta imeelekezwa kwenye tundu ulilotumia, HDMI au VGA, kwa kitufe cha "Source" au "Input". Waya wa VGA una pini 15 nyembamba. Ukisukumwa kwa nguvu, pini moja hupinda na picha hugeuka ya manjano au ya waridi. Laptopu mpya zisizo na tundu la VGA huhitaji kiunganishi, na ukikikuta kimoja kinachofanya kazi kifunge na laptopu kwa uzi.

Picha ikionekana lakini ni hafifu, usikimbilie kununua taa. Madarasa yetu yana madirisha pande mbili, na saa tano asubuhi jua huingia kama mgeni asiyebisha hodi. Geuza picha iangukie ukuta ulio mbali na dirisha, sogeza projekta karibu ili picha iwe ndogo na kali zaidi, ziba madirisha mawili ya mbele kwa kadibodi au leso nzito. Ukuta uliopakwa rangi nyeupe isiyong'aa ni bora kuliko shuka linalopepea. Ikiwa bado haionekani, badala ya kupigana na jua, tumia vishikwambi kwa vikundi na uiache projekta kwa vipindi vya asubuhi mapema.

Ikijizima baada ya dakika chache, inapata joto. Kichujio cha hewa kimejaa vumbi. Chomoa, subiri ipoe, toa kichujio, kikung'ute nje, kirudishe. Usiiweke juu ya kitambaa, maana kitambaa huziba matundu ya chini. Ukimaliza somo, iache feni izunguke hadi isimame yenyewe kabla ya kuchomoa, vinginevyo taa haimalizi umri wake.

SIMAMA HAPA: Usiifungue sehemu ya ndani. Kuna volti kubwa hata baada ya kuchomolewa, na taa nyingi za projekta za zamani zina zebaki. Taa ikipasuka, toeni watoto, fungueni madirisha, msizoe vipande kwa mikono. Na watoto wasiangalie ndani ya lenzi. Kuna yule mmoja ambaye lazima ajaribu, kwa hiyo projekta ikae mahali ambapo hakuna anayepita mbele yake.

DALILI: Waifai imeshika lakini hakuna kinachofunguka

Jiulize swali moja kwanza: ninachotaka kukifungua kiko kwenye intaneti, au kiko kwenye seva ya shule, yaani kompyuta inayohifadhi masomo? DLP ilileta pamoja na vishikwambi seva ndogo ya maudhui yenye ruta yake. Waifai ya seva hiyo haina intaneti, na kishikwambi kitalalamika kuwa hakuna intaneti ilhali kila kitu kiko sawa. Walimu huikata kwa sababu ya onyo hilo, wakahangaika kutafuta bando. Puuza onyo, fungua maudhui.

Ikiwa unahitaji intaneti kweli, mlolongo ni huu. Bando limekwisha: angalia salio kabla ya kugusa kitu kingine. Vifaa vimezidi: hotspoti ya simu nyingi hukubali vifaa kama vinane au kumi, na cha kumi na moja hukataliwa bila maelezo. Masasisho yanakunywa data: vishikwambi 20 vikiamka pamoja vyote huanza kujisasisha, na bando la asubuhi nzima huisha kabla ya maombi kwisha. Zima masasisho ya kujiendesha, uyafanye ofisini kifaa kimoja kimoja.

Kisha tarehe. Hii huwashangaza wengi. Kishikwambi kilichokauka betri kabisa mara nyingi huamka kikiamini ni mwaka mwingine. Tovuti salama hulinganisha cheti chake na saa ya kifaa, zikipishana hukataa kufunguka, na kinachoonekana ni onyo la kutisha kuhusu usalama. Rekebisha tarehe na saa tu.

Ruta imefichwa. Nimeona ruta imefungiwa ndani ya kabati la chuma kwa kuogopa wezi, kisha darasa la pili lalalamikia mtandao. Chuma huzuia mawimbi. Iweke juu ukutani, kwenye kizimba cha waya wenye matundu makubwa au cha mbao.

Kwa wanaotumia Kolibri, programu ya bure ya shirika la Learning Equality inayofanya kazi bila intaneti, kuna tatizo la kina kidogo. Laptopu inayobeba masomo inafungua vizuri, vishikwambi vinakataa. Hakikisha vyote viko kwenye waifai moja. Kisha kwenye laptopu angalia kama Windows imeuweka mtandao huo kuwa wa umma. Ikiwa ndivyo, ukuta wake wa ulinzi huzuia vifaa vingine, kwa hiyo ugeuze uwe wa binafsi. Mwisho, ile anwani ya namba uliyoiandika ubaoni juzi inaweza kuwa imebadilika baada ya ruta kuzimwa. Isome upya kwenye laptopu, ukikumbuka 8080 mwishoni baada ya nukta mbili.

Ukifika kwenye mipangilio ya seva yenyewe na inadai nywila usiyoijua, simama. Usiirudishe kwenye hali ya kiwandani. Maudhui yote yanaweza kufutika, na kuyarudisha ni safari.

DALILI: Sauti haisikiki

Mvua juu ya mabati hushinda spika yoyote ambayo shule itanunua. Usishindane nayo. Chagua video zenye maandishi, zima sauti, na mwanafunzi mmoja asimulie kinachoonekana. Siku kavu, spika iwe katikati ya darasa kimo cha kichwa, isiwe mbele juu ya meza ya mwalimu.

DALILI: Wawili wanatumia, watano wanatazama dari

Hapa tumeingia kwenye hitilafu za somo. Kifaa ni kimoja kwa watoto sita au saba, mwenye mikono mirefu amekikumbatia kifuani, waliobaki wanaona mgongo wake.

Kwanza kilaze. Kishikwambi kikilala bapa katikati ya madawati mawili yaliyotazamana, watoto wanne zaidi wanaona mara moja. Hilo pekee hutatua nusu ya ugomvi.

Pili, gawa kazi. Kanuni ninayoipenda ni hii: anayeshika haamui, na anayeamua hashiki. Mtoto wa Gredi ya Tano aliyeshika kifaa anabonyeza kile tu wenzake walichokubaliana kwa sauti. Msomaji anasoma swali, mwandishi anaandika jibu na sababu daftarini kabla ya kidole kugusa skrini. Utawasikia wakibishana, "Ngoja, usibonyeze, sababu yako ni gani?" Ukisikia hivyo, kaa kando. Badilisha zamu kwa saa ya ukutani, usingoje waombe, maana mpole haombi.

Tatu, punguza kazi. Swali moja gumu kwa kundi lina faida kuliko maswali 20 ya kukimbilia.

Ukiwa na simu moja tu, yako, kuna Plickers, programu ya kukusanya majibu ya darasa kwa kamera. Kila mtoto hupewa kadi ya karatasi yenye alama nyeusi, anaigeuza upande wa A, B, C au D, nawe unapitisha kamera juu ya darasa. Kadi zikikataa kusomeka, kwa kawaida ni vidole vilivyofunika alama. Kama si vidole, ni mng'ao. Kadi iliyopakwa plastiki ya kung'aa hurudisha mwanga wa dirisha na kamera haioni kitu. Zibandike kwenye kadibodi ya boksi la sabuni, zitadumu.

DALILI: Kahoot ina kelele nyingi, kesho yake hakuna anayekumbuka

Sababu kuu ni saa. Kahoot ni mchezo wa maswali wa mtandaoni, nao hutoa pointi nyingi kwa anayejibu haraka, kwa hiyo mtoto mwerevu hujifunza kubahatisha upesi. Ongeza muda wa swali, unaweza kufika dakika 4, au liweke swali lisiwe na pointi. Tumia hali ya timu ili kifaa kimoja kihudumie kundi.

Sababu ya pili ni maswali yenyewe. Swali la kukumbuka jina halina la kujadili. Tunga linaloligawa darasa. Kwa watoto wa kandokando ya ziwa, jaribu hili: maji mengi ya Ziwa Victoria hutoka humo kwa njia ipi? Weka Mto Nile, uvukizi, Mto Nzoia, na mabomba ya miji. Wengi watakimbilia Nile. Jibu ni uvukizi, na Nzoia ni mtego, kwa kuwa huingiza maji ziwani. Sasa usionyeshe jibu. Waambie kila mmoja amgeukie mwenzake aliyejibu tofauti na amshawishi, kisha wapige kura upya.

Utaratibu huo aliueneza Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kipimo chake kinatufaa: waliopata wakiwa chini ya asilimia 30 hivi, fundisha upya. Wakizidi 70, eleza kwa ufupi usonge mbele. Wakiwa katikati, hapo ndipo wajadiliane. Bila kipimo hicho, mwalimu hutazama jedwali la washindi, anapiga makofi na kuendelea, wakati nusu ya darasa bado inaamini Nile.

Majina ya matusi yakitokea skrinini, washa kipengele cha Kahoot kinachogawa majina ya kubuni. Kina faida nyingine: jina kamili la mtoto haliingii kwenye mtandao wa watu. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya kuchakata taarifa za mtoto. Programu ikidai tarehe ya kuzaliwa, picha au namba ya simu ya mwanafunzi, simama, mwone mwalimu mkuu kabla ya kujaza chochote.

DALILI: Video inaisha, darasa kimya, macho yamezubaa

Video ni ndefu mno. Ikate. Cheza dakika 2 au 3, simamisha kabla ya jambo kutokea, uliza, "Nini kitafuata?" Kila mmoja aandike, ndipo ubonyeze. Wakati mwingine sababu ni lafudhi ya msimulizi wa ng'ambo: watoto hawamfuati kabisa. Zima sauti yake, simulia wewe.

Na ikiwa somo ni la kuota kwa mbegu, na maharage yako sokoni Kibuye, leta maharage.

DALILI: Vifaa ni vizima, havitoki kabatini

Kwa kawaida ufunguo uko kwa mtu mmoja, naye yuko kwenye mkutano. Ufunguo wa pili ukae kwa naibu, na pawe na daftari la kutoa na kurudisha lenye sahihi. Hofu ya kuibiwa ina msingi, lakini haitoshi kufungia vifaa muhula mzima. Vipe kila kimoja namba kwa rangi ya kudumu mgongoni.

Daftari hilo hilo litumike kwa hitilafu: namba ya kifaa, tarehe, dalili kama ulivyoiona, ulichojaribu, na kilichotokea. Fundi akikuta "namba 14, huwaka kwenye chaja, huzimika ikichomolewa, chaja imejaribiwa kwenye namba 9 ikafanya kazi," ataleta betri moja kwa moja. Akikuta "imeharibika," ataanza mwanzo, kwa pesa yenu. Zipe na chaja namba pia, maana ndizo zinazohama.